Kabati la Vitabu vya Wageni

Mwalimu mkuu hakuniita ofisini kwake. Alinifuata mashineni kwangu, hapa Mfaranyaki, Songea mjini, nimejaa unga mpaka kwenye kope, akanieleza mbele ya wanawake waliokuwa wamepanga ndoo zao za mahindi foleni. "Mzee wetu, mjukuu wako ni mzito. Yuko darasa la tatu na kitabu hakiwezi. Muhula ujao tunamrudisha darasa la kwanza akaanze upya."

Nikamuuliza, "Mzito wa kichwa au wa mwili?"

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema tena nimpeleke hospitali wakampime, huenda ana kasoro, kisha akapanda bodaboda akaenda zake.

Mimi mwenyewe niliishia darasa la tatu. Nilibeba matofali, nikachoma mkaa, nikalala juu ya magunia ya watu sokoni mpaka nikapata gunia langu, na kutoka gunia hilo nikaja kupata mashine. Barua naisoma. Mkataba nausoma, na asiyeamini alete mkataba. Kwa hiyo mtu akiniambia damu yangu ni nzito, namtazama kuanzia viatu kupanda juu, taratibu.

Mtoto alikuwa amesikia kila kitu. Alikuwa nyuma ya mashine anakung'uta magunia. Akaja, macho chini.

"Babu, wasinirudishe kwa watoto wadogo. Heri nirudi Nalasi nikaokote korosho."

Nalasi ndiko alikozaliwa, kule Tunduru. Mama yake ni binti yangu, ameolewa na mkulima wa korosho, Mwislamu mwenye adabu kuliko Wakristo wengi ninaosali nao. Ndiye aliyenipigia simu mwenyewe: "Baba mkwe, mtoto akili anayo, alhamdulillahi. Shule yetu huku iko mbali. Mchukue akasome mjini." Mjini! Nikampokea stendi, mwembamba, mrefu kama muhindi uliopata mbolea, kabeba mfuko wa korosho zangu kifuani. Sasa nimrudishe kwao na maneno gani? Na nilijua jambo ambalo mwalimu mkuu hakutaka kulijua: msichana mrefu hivyo, ukimkalisha na watoto wanaong'oka meno ya mbele, hamalizi muhula. Ataacha. Akiacha ndiyo basi, wa kumuoa hakosekani.

Kulikuwa na kipande cha gazeti kimefungia vitumbua. Nikakikunjua, nikampa. "Soma."

Akakipokea, akakigeuza kichwa chini miguu juu, akafungua mdomo asome.

"Unanichezea?" Nikamnyang'anya, nikakiweka sawa. "Soma kama watu."

Akaanza kukwama. Neno moja anasimama, la pili analirudia, la tatu anameza mate. Mama mmoja aliyekuwa amekalia ndoo yake akasema, "Babu na wewe! Hebu mwache ageuze." Nikamwachia. Akageuza, akasoma habari ya mpira tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka jina la mfungaji, kama maji ya bomba. Mimi nilikuwa nimepinda shingo pembeni yake namfuatilia, na hakukosea.

"Huyu karogwa," akasema mmoja.

"Mchawi gani wa Songea anajua kusoma mpaka aroge kitabu?"

"Mpeleke kwenye maombi Jumapili, babu."

"Nyamaza, unga wako unamwagika," nikamwambia, maana kweli ulikuwa unamwagika. Nikamgeukia mtoto. "Nani kakufundisha kusoma hivi?"

Akanishangaa. "Babu, ndivyo kitabu kinavyokaa."

Kesho yake asubuhi nikavaa koti langu la kanisani nikaenda shuleni. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, sikuhitaji kubisha hodi mara mbili. Mwalimu wa darasa la tatu ni binti mdogo, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, endelea, nimekuja kukaa tu." Nikakaa kwenye tofali pale mlangoni.

Nilichokiona kimenitia kinyaa mpaka leo.

Madawati ni machache, kwa hiyo wameweka mbao ndefu, na watoto wanakaa pande mbili wakitazamana, kama watu kwenye pilau ya msiba. Upande mmoja wanatazama ubao. Upande wa pili wameupa ubao mgongo, na mwalimu akiandika inabidi wapinde shingo kama kuku anayemtazama mwewe. Katikati ya mbao, kila kundi kubwa lina kitabu kimoja, jalada halipo, kurasa zimekuwa laini kama kitambaa. Na kile kitabu kimelala kikimtazama nani? Kinamtazama kiongozi wa kundi, anayejua kusoma, aliyekaa upande wa ubao. Hao wa upande wa pili wanakiona kwa kichwa chini miguu juu. Asubuhi hata mchana. Mwaka mzima.

Mjukuu wangu alikuwa upande wa pili. Alikuja katikati ya mwaka, wenzake wakiwa bado la kwanza, nafasi za mbele zikiwa zimejaa, akapachikwa huko pamoja na wengine waliochelewa.

Kipindi kilipoisha nikamwuliza mwalimu, kwa sauti ya chini, "Hawa wa upande huu wanaendeleaje?"

"Hao ni wazito, mzee." Akasema bila ubaya wowote, kama anavyosema huyu ng'ombe na huyu mbuzi. "Wale wengine wanajitahidi."

"Wote wa upande huu ni wazito?"

"Karibu wote."

"Mungu aliwapanga wazito wote upande mmoja? Au kuna mama mmoja aliyewazaa?"

 Nikamwona anatazama kitabu pale katikati, halafu watoto, halafu kitabu. Akashika mdomo. Nikamwuliza vitabu vingine viko wapi, maana kamati tulisaini kupokea maboksi ya vitabu vipya. Akaonyesha kwa kidevu upande wa ofisi ya mwalimu mkuu. "Vimo kabatini, mzee. Ufunguo anao yeye."

Kabati lile nililitoa mimi. Mbao za mninga mtupu, milango miwili, bawaba imara, na kufuli la kushiba mkono. Siku ya kulikabidhi walinipigia makofi, watoto wakaimba, nikala soda. Nilidhani kabati la vitabu ni kama ghala la mahindi, kwamba unaweka ili utoe.

Nikamkuta mwalimu mkuu anakunywa chai. Nikamwomba afungue. Akafungua, akijivuna kidogo, kama mwenye duka. Vitabu vimepangana, vimefungwa nailoni kama vilivyotoka kiwandani. Picha za ukutani zimekunjwa kwenye mirija yake: mwili wa binadamu, mimea, wanyama. Saa ya kufundishia watoto majira. Tufe la dunia, nalo limevalishwa nailoni, dunia nzima inakosa hewa.

"Mbona havipo madarasani?"

"Mzee wetu, hii ni mali ya serikali. Kikichanika kimoja naulizwa mimi, si mtoto. Aliyenitangulia hapa vilimpotea, akahamishiwa mahali ambapo simu unapandia mti ndiyo ishike mtandao."

"Sasa vinasomwa lini?"

"Wakija wageni tunavitoa."

"Wageni hawajui kusoma?"

Akaweka kikombe chini. Nikamweleza habari ya pande mbili, na mtoto wangu, na gazeti la vitumbua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Heshima yako, mzee. Lakini ualimu nimesomea mimi."

Nilitoka pale nikatema mate nje ya geti. Sikumtemea yeye. Nilitemea kitu ninachokijua, kwa sababu kipo hata nyumbani kwangu. Nani hapa Songea hana kabati la vioo sebuleni? Ndani kuna vikombe vyenye maua, sahani, bilauri ndefu, juu kimetandikwa kitambaa cha kufuma, na watu wa nyumba wanakunywa kwenye vikombe vya plastiki vilivyotoboka masikio. Ukiuliza unaambiwa: vya wageni. Marehemu mke wangu alikuwa na seti ya vikombe vya udongo mweupe. Alivifuta vumbi kila Jumamosi. Hakuwahi kunywea hata kimoja. Siku ya msiba wake waombolezaji wakavitoa wakanywea chai, wakavivunja viwili kisimani wakati wa kuosha. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka naangalia. Watu wakadhani nalia kwa uchungu wa kufiwa. Nusu ilikuwa hasira ya vikombe.

Basi, vikombe ni vikombe. Chai ya kwenye plastiki inashuka koo lile lile. Lakini mtoto anayekosa kitabu hatapewa utoto mwingine mgeni akishaondoka.

Wageni wakaja kweli, kabla ya muhula kwisha. Jana yake shule ilifagiliwa mpaka udongo ukawa mwekundu kama kidonda. Nilikuwepo, wajumbe wa kamati tulikalishwa mbele kwenye viti vya plastiki. Ingia darasa la tatu uone! Mbao zimegeuzwa zote kutazama ubao, watoto wanaozidi wamepelekwa kucheza nyuma ya vyoo wasionekane. Ukutani picha za mwili wa binadamu, maini na mapafu yanang'aa. Tufe la dunia mezani, bado na nailoni. Na kila mtoto amepewa kitabu chake kipya. Chake! Niliona wengine wanakinusa.

"Msikunje," mwalimu mkuu alikuwa anapita akinong'ona. "Msitie mate kidoleni. Wageni wakiondoka vinarudi kama vilivyo."

Mgeni mkubwa alikuwa mama mmoja wa heshima, miwani imening'inia shingoni. Akasalimia, akasema, "Haya wanangu, fungueni ukurasa wa kwanza, tusome pamoja."

Mjukuu wangu akafungua. Akakigeuza kichwa chini miguu juu.

Mwalimu mkuu akamwona kutoka nyuma. "Wewe! Kitabu!"

Lakini jirani yake naye alikuwa amegeuza. Na mwingine kule dirishani, na wawili nyuma, na mvulana mmoja mbele kabisa, chini ya pua ya mgeni. Safari hii walikuwa wamechanganywa na wenzao, lakini niliwatambua mmoja mmoja. Ni wale wale, wa upande wa pili wa mbao. Hawakukonyezana wala hawakufanya utundu. Kila mmoja alikuwa ameshika kitabu kwa mikono miwili, kwa heshima, jinsi anavyokijua.

Mgeni akacheka. "Jamani, hawa hata kushika kitabu hawajui?" Na waliokuja naye wakacheka, na wajumbe wenzangu wa kamati wakacheka, maana mgeni akicheka unacheka. Mwalimu wa darasa aliinamisha kichwa, nikaona machozi yanadondokea kwenye chaki zake.

Nikasimama. "Mama, usicheke kwanza. Mwambie huyo mrefu akusomee."

"Haya binti, soma."

Akasoma. Kichwa chini miguu juu, ukurasa mzima, nukta anasimama, mkato anapumua.  Nikasema moyoni, sasa wameona. Sasa mtu mzima mwenye miwani atauliza mtoto amekuwaje mpaka akafika hapa.

"Ajabu!" mama yule akasema. "Hiki ni kipaji!" Akatoa simu, akamrekodi. Akamwomba arudie, akasogea karibu ili video iwe nzuri. Wakampigia makofi. Mtoto akanitazama, hajui acheke au alie, kama mbuzi aliyevalishwa shada la maua.

 Ningevumilia wakimwita mjinga. Lakini njaa ya mtoto ukaipigia makofi kama ngoma?

Wakaenda kula pilau na kuku. Walikuwa bado wananawa mikono, na vitabu vilishakusanywa, vinapanguswa, vinarudishwa kwenye nailoni. Mwalimu mkuu akanivuta pembeni.

"Mzee, umeniaibisha mbele ya wageni. Huyo mtoto namshusha darasa la kwanza, mjadala umefungwa. Akajifunze kwanza kushika kitabu."

 Kuna watu ukiwajibu kwa mdomo unapoteza mate.

Asubuhi iliyofuata nilirudi na bisibisi. Nikamkuta ofisini, nikamwamkia vizuri, nikamwomba afungue kabati, akafungua akidhani nataka kuhesabu. Nikapiga goti langu bovu, nikaanza kufungua bawaba ya chini.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nachukua mali yangu."

"Kabati ulilitoa zawadi!"

"Kabati nimewapa. Milango nimeghairi."

Akabaki anashikashika tai. Angenifanya nini? Mlango wa kwanza ukatoka, nikauegemeza ukutani. Wa pili ulikuwa mgumu, nikaupiga kwa kiganja, kabati likatikisika, na lundo la chini likaporomoka kifudifudi miguuni kwetu.

Mchwa.

Juu, kulikotolewa vile vya siku ya wageni, vitabu vilikuwa vinang'aa. Chini, kule ambako mgeni haoni, udongo mwekundu ulikuwa umepanda kutoka sakafuni, ukapita nyuma ya kabati, ukaingia ndani ya nailoni. Mninga haukuguswa, mninga wangu hauliwi. Walipita juu yake tu kama barabara, wakaenda kwenye karatasi. Vingine vilikuwa maganda matupu, ukivishika vinamwagika kama pumba. Vingine vimeliwa pembe. Wadudu weupe wale wanatambaa juu ya picha ya mtoto mwenye sare anayecheka. Na harufu, harufu ya karatasi mbichi na kaburi.

"Naona kuna waliokuwa wanasoma," nikasema.

Mwalimu mkuu alikuwa ameketi. Uso wake ulikuwa umekwisha. Sauti ikamtoka ndogo: "Mzee wangu, naomba ufunge kwanza mlango wa ofisi."

Nilimwonea huruma kidogo, sikatai. Kidogo. Alivifungia vitabu kwa kuogopa kuulizwa, na sasa ataulizwa. Nikamwambia, "Mlango wa ofisi naufunga. Wewe lifungulie darasa vitabu. Mtoto wangu anabaki la tatu, na mwisho wa muhula mwalimu wake ndiye atakayesema, si wewe."

Akakubali. Unajua vitabu alivifanyaje? Vile vizima alivihamishia kwenye sanduku la bati, akaweka kufuli jipya. Vilivyoliwa pembe tu, ambavyo maneno bado yapo, alivisukuma kwa mguu. "Hivi haviwezi kuonyeshwa mgeni. Wapeni watoto." Ndivyo darasa la tatu lilivyopata vitabu. Kamati haikuweza, mimi sikuweza, mama wa miwani hakuweza. Mchwa wameweza.

Mjukuu wangu alikuja nyumbani na chake, kimetafunwa kona yote ya chini, kama mkate. Kila alasiri mashine ikipoa, tulikaa naye. Sikumlazimisha kukigeuza ghafla, nati iliyoshika kutu ukiilazimisha inakatika. Nilimwacha asome alivyozoea, halafu kesho nakipinda kidogo, siku nyingine kidogo tena. Kilipofika ubavu alihangaika sana, akasema kichwa kinazunguka, siku hiyo akalia na mimi nikamnunulia vitumbua. Tukaendelea. Ikafika wakati kitabu kimekaa sawa mbele yake na yeye ndiye aliyepinda shingo. Na shingo nayo ikanyooka.

Mwisho wa muhula yule mwalimu binti alimsimamisha mbele ya darasa, akasoma, kitabu kimesimama kama vitabu vinavyosimama. Hakushushwa. Siku hizi mwalimu anawabadilisha pande kila Jumatatu, wa huku wanakwenda kule. Wengine wa ule upande anawaleta kwangu jioni, maana alisikia habari ya nati.

Nikiwaangalia naona kinyaa bado. Hakijaisha. Wako wangapi waliopita kwenye zile mbao kabla ya huyu wangu, wakaitwa wazito, wakaamini? Baadhi yao nawafahamu. Wananiletea mahindi, wana watoto sasa, na ukimpa risiti anaitazama, anaikunja, anasema miwani ameisahau nyumbani.

Juzi mwalimu mkuu amenitumia ujumbe. Wageni wengine wanakuja, anaomba nirudishe milango ya kabati, hata kwa siku moja tu.

Milango ipo. Nimeipigia miguu, nimeigeuza benchi, iko nje ya mashine upande wa kivuli. Wakati ujumbe unaingia watoto walikuwa wamekaa juu yake, bega kwa bega, wote upande mmoja, kitabu kilicholiwa pembe kiko juu ya mapaja ya wa katikati. Herufi za simu yangu ni ndogo mno, nikampa mjukuu asome, akasoma. Nikamwambia ajibu.

"Niandike nini, babu?"

"Andika wageni wakaribie. Benchi lipo."